Nimemlipia rafiki yangu safari ya ziwani bila ya kumwambia

*Somo yangu, assalaam alaykum. Sisi ni marafiki watano tuliosoma skuli moja hapa Unguja, na sote sasa tumepindukia miaka thelathini na tano. Tuliahidiana kwenda kupumzika Tengeru, karibu na Arusha, kwenye Ziwa Duluti, tutoke Ijumaa baada ya sala na turudi Jumapili jioni. Kwa kuwa siku ni chache tukakubaliana kwenda kwa ndege, kila mmoja achangie shilingi 750,000 kwa miezi mitano, yaani 150,000 kila mwezi. Mimi ni muuguzi, na ndiye mshika daftari. Mmoja wetu anaishi kwa kushona kofia, na ana watoto watatu anaowalea peke yake tangu alipoachwa. Kila nikimkumbusha alinijibu, "Inshaallah, mwisho wa mwezi." Miezi miwili ikapita. Nilipoona wenzetu wameanza kunung'unika, nilitoa 300,000 zangu, nikatia alama mbili mbele ya jina lake, na sikumwambia yeye wala wao. Wiki iliyopita aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba hatoweza kwenda, na kwamba hajatoa hata shilingi moja. Mwenzetu mmoja akamjibu, "Mbona daftari linasema umeshatoa miezi miwili?" Hakujibu. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, ingawa nikipita kwao baada ya alasiri namwona barazani na kofia yake. Niwaambie wote ukweli, au nimwache mpaka apoe? Na safari tuivunje?*

*Mshika Daftari, Jang'ombe*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisita pahali pamoja, pale uliposema kwamba ulitoa fedha zako ulipoona wenzenu wameanza kunung'unika. Hukusema kwamba ulizitoa baada ya kukaa na rafiki yako ukamuuliza hali yake. Kwa miezi miwili alikuwa akikujibu "mwisho wa mwezi", na mtu anayeishi kwa kushona kofia hana mwisho wa mwezi: kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono humchukua mshonaji wiki nyingi, kijitundu kwa kijitundu, na fedha huziona siku mwenye kofia anapokuja kuichukua, ikiwa atakuja siku aliyoahidi. Mwisho wa mwezi ni wa wenye mshahara kama wewe. Jibu lile lilikuwa likikueleza kwamba hana, kwa njia ya mtu anayeona haya kutamka kwamba hana, nawe ukaliziba kwa fedha kabla ya kulisikia.

Najua utasema kwamba ulitaka kumsitiri, na mimi nakuamini, kwa sababu shilingi 300,000 hazimtoki muuguzi kwa urahisi. Tena umelelewa kama sote tulivyolelewa, ukafundishwa kwamba kutoa kwa siri ni bora, na Suratul Baqara inasema hivyo kuhusu kuwapa mafakiri. Lakini tazama ulichokifanya. Siri ya sadaka ni baina ya mtoaji na Mola wake, na haiandikwi katika daftari la watu watano kwa jina la aliyepewa. Wewe ulimficha mwenye jina na ukawaonyesha wengine, na hiyo ndiyo iliyomfanya aonekane mbele ya wenzake ama amesema uongo, ama analipiwa na watu asiowajua. Fikiria alivyokaa na simu mkononi akisoma swali lile, yeye mwenye kujua kwamba hakutoa kitu, akitafuta ni nani kati yenu anayemhurumia.

Mimi najua kidogo alichokionja. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, wasichana sita tulitoka Wete kwa gari ya kukodi kwenda kutembea ufukwe wa Vumawimbi, huko Pemba, tukapita katikati ya msitu wa Ngezi tukiimba, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba gari imetolewa na mjomba wa mmoja wetu, kwa hiyo hapana mchango. Tulipokaa kula, sinia la wali likawekwa mkekani, nami nikanyosha mkono kukata pande la nguru. Msichana aliyekaa mbele yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ya ubaya wowote, "Kula, shoga, usione haya, fungu lako tumeshakutolea." Mkono wangu ulikuwa umo siniani. Niliurudisha na punje za wali zimenigandia vidoleni, nikasema nimeshiba, na njaa niliyorudi nayo Wete jioni ile naikumbuka mpaka leo. Wale wasichana hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walinipenda, na miaka mingi baadaye mmoja wao alikuwa wa kwanza kuingia nyumbani kwetu mama alipofariki. Nilichowalaumu ni kwamba waliamua juu yangu nikiwa sipo, wakaniacha niupande upendo wao kama abiria asiyejua amekatiwa tiketi na nani.

Kwa hiyo hapana suala la kumwacha mpaka apoe, kwa sababu aliyekosewa hapoi kwa kukaa peke yake na kosa alilofanyiwa. Wala usianze na kundi. Ukiandika leo kwamba ni wewe uliyemlipia, utakuwa umesema kweli, lakini utakuwa umewatangazia watu watatu dhiki ya mmoja kabla hujamtaka radhi mwenyewe. Nenda kwao. Usipige simu kwanza wala usimtume mtoto, na zaidi ya yote usende na mfuko wa mchele wala kanga ya kumpoza, maana kitu chochote utakachokibeba siku hiyo kitafanana na kile ulichokwisha kukifanya. Chukua daftari na kalamu.

Ukifika, kaa barazani pale pale alipo, na mwache aendelee kushona ikiwa hataki kukutazama. Mikono yenye kazi humsaidia mtu kusikiliza maneno mazito. Mwambie kwa ufupi: alama zile nilizitia mimi, fedha zilikuwa zangu, sikukuuliza, na nimekosa. Usimweleze ulivyomhurumia. Usimkumbushe kwamba wenzenu walikuwa wakinung'unika, kwa sababu hapo utakuwa umeongeza jambo jengine la kumwumiza huku ukijitetea. Kisha mfungulie ukurasa, uzikate alama zile mbili mbele ya macho yake, na umwulize anataka wenzenu waambiwe nini. Akitaka wasiambiwe chochote zaidi ya kwamba mshika daftari alikosea, basi waambie hivyo, kwa sentensi moja: "Alama mbili mbele ya jina la mwenzetu nilizitia mimi, yeye hakujua, na kosa ni langu." Atakayetaka kujua zaidi, mwambie kwamba hayo ndiyo yote yaliyomo daftarini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na haiwapasi watu watatu wengine kuichungulia.

Fedha zako zirudi kwako. Pengine utaona ni afadhali kumwachia kama zawadi, lakini zawadi anayopewa mtu akiwa ameshikwa na fedheha hukaa baina ya marafiki kama deni lisilo na tarehe, na sura ile ile niliyoitaja inakataza sadaka kuharibiwa kwa masimbulizi. Hutomsimbulia, najua, ila yeye atakaa akingoja siku utakapomsimbulia.

Sasa nije kwenye safari, kwa sababu nadhani hamjaona ni kitu gani kilichomtoa mwenzenu. Si ziwa. Ni zile siku mbili. Kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja hadi Dar es Salaam boti ya kasi huchukua saa mbili hivi, kisha muende mpaka kituo cha mabasi cha Mbezi, na kutoka hapo hadi upande wa Arusha ni mwendo wa saa kumi hivi kwa basi, kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Moshi. Anayetoka Unguja kwa boti ya asubuhi hufika usiku. Mlipoamua kwamba mtaondoka Ijumaa baada ya sala na Jumapili usiku mlale makwenu, mliamua siku hiyo hiyo kwamba ni ndege, na mlipoamua ndege mkaamua shilingi 750,000, na kiasi hicho kilipotamkwa hapana aliyemtazama mshona kofia usoni. Wenye mshahara walikuwa na fedha na hawakuwa na siku, basi safari ikakatwa kwa kipimo chao.

Igeuzeni. Tafuteni sikukuu ya serikali inayoangukia ukingoni mwa wiki, mwombe ruhusa ya siku moja au mbili juu yake, na mwende kwa boti na basi kwa siku nne: mbili za njiani na mbili za kupumzika. Tengeru iko kandokando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, kilomita 13 hivi kabla hujaingia mjini, kwa hiyo basi litokalo Dar es Salaam linaweza kukushusheni hapo hapo bila ya kufika Arusha na kurudi nyuma. Ziwa Duluti lenyewe ni dogo, limekaa ndani ya shimo la volkeno la kale chini ya Mlima Meru, na limezungukwa na msitu wa hifadhi wenye njia ya miguu mnayoweza kuizunguka bila ya haraka katika asubuhi moja, mkisikiliza ndege na kupumzika chini ya miti mikubwa. Ninyi mliozaliwa kwenye maji ya chumvi, yanayokupwa na kujaa mchana na usiku, mtashangaa kukaa ukingoni mwa maji yaliyotulia vile, yasiyo na bamvua wala maji mafu. Sokoni Tengeru, siku ya Jumamosi, mtapata ndizi za kupika, maparachichi na mboga za mlimani, na mkipanga nyumba yenye jiko badala ya hoteli mtapika wenyewe kama mlivyokuwa mkipika siku za skuli, na mchango utashuka tena.

Epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya tope na mawingu yanayouficha mlima. Juni na Julai ni mikavu, lakini pale mko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huko si ile tunayoiita baridi sisi wakati wa kipupwe. Kila mmoja atafute sweta nzito la mtumba Darajani kabla ya kuondoka, na soksi, kwa sababu mtu wa pwani huwa hasadiki mpaka akeshe anatetemeka. Ikiwa wenzako wanapenda baridi ya mlima kuliko ziwa, basi Lushoto ni karibu zaidi: mnashuka Mombo na kupanda milima ya Usambara kilomita 33 hivi, na safari nzima inakuwa nyepesi kwa saa kadhaa.

Hata hivyo usiende kwa rafiki yako na mpango huu umeshakamilika kichwani mwako. Siku nne ni nafuu kwa mfuko, lakini kwake huenda zikawa ghali kwa njia nyengine: ni siku nne bila ya kushona, na ni watoto watatu wanaohitaji pa kulala na wa kuwaangalia. Yeye peke yake ndiye anayejua lipi kati ya hayo mawili linamwelemea zaidi. Mwulize angependa safari ya namna gani kama angekuwa yeye ndiye mpangaji, na kiasi gani anaweza kukitia bila ya kukopa. Akikwambia shilingi 30,000 kwa mwezi, basi hicho kiwe ndicho kiwango cha wote watano, msubiri mwaka mzima, na kila mmoja atakuwa na 360,000; kaeni mpige hesabu kwa bei za wakati huo muone zinakufikisheni wapi. Sioni ubaya wa kusubiri, kwa kuwa mmejuana tangu mlipokuwa na mikoba ya skuli mabegani.

Na akikwambia kwamba hataki kwenda kabisa, si kwa sababu ya fedha bali kwa kuwa hapendi safari, au kwa kuwa bado ana uchungu na wewe, mkubalie mara moja na usimbembeleze. Safari yenu msiivunje kwa ajili yake, maana hapo mtamtwika lawama asiyoitaka. Waombe wenzako tu mambo ya fedha yasisemwe tena kwenye kundi, bali mkae pamoja mkizungumza ana kwa ana. Yule aliyeuliza kuhusu daftari usimkasirikie. Aliuliza kwa kile alichokiona kimeandikwa, na aliyekiandika ni wewe.

Umeniambia kwamba baada ya alasiri huwa yupo barazani. Nenda leo, kabla hajaingiza mkeka ndani.