Tafuta kikao kinachokutana saa yako ya kiu

Kila anayeniuliza kundi gani ni zuri kwa mtu anayetaka kuacha pombe, namuuliza kwanza: kiu hukushika saa ngapi? Hapa Kenya sheria ya mwaka 2010 inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na hiyo ndiyo saa ofisi zinafungwa. Hatari yangu ilikuwa kati ya mlango wa kazini na steji ya matatu. Vikao vya Jumamosi asubuhi vilikuwa vizuri na watu wake wakarimu, lakini kilichonishika mkono ni kikao cha jioni katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka kazini. Kikiisha, ile saa mbaya imeshapita, na nina sababu ya kwenda nyumbani.

Kwa hiyo angalia saa na umbali kabla ya sifa za kundi. Kikao kinachokulazimu kupanda matatu mbili kwenye foleni utakihudhuria wiki mbili tu.

Kuna watu ambao hawapaswi kuanzia kwenye kikao. Ikiwa mikono yako hutetemeka asubuhi mpaka uzimue, anzia hospitalini. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kukuangusha kama mwenye kifafa, au kukufanya uweweseke na kuona vitu ambavyo havipo. Watu hufa hivyo, hasa katika siku tatu nne za kwanza, huku jamaa wakidhani ni uchovu wa kawaida. Daktari ana dawa za kukuvusha salama, pamoja na vitamini B1 ambayo pombe huimaliza mwilini. Mtajie kiasi halisi unachokunywa, chang'aa ikiwemo. Kama hujui pa kuanzia, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haikatwi pesa.

Kundi ninalolijua mimi ni AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Ukiandika "AA Kenya" kwenye simu utaletewa chama cha wenye magari na masomo ya udereva, basi andika jina kamili, Alcoholics Anonymous, na mji wako. Usipopata karibu, vipo vikao vya mtandaoni kila saa ya siku. Kwa aliye kijijini, au anayeogopa kuonekana akiingia mlangoni, hivyo vinatosha kuanzia.

Vikao vingi hufanyika katika kumbi za makanisa, na hilo huwazuia wengi, hasa Waislamu. Ukumbi umeazimwa tu. Mungu hutajwa, ni kweli, ila kila mmoja kwa jinsi anavyomwelewa yeye, na nimeketi na watu wa dini mbalimbali na wasio na dini. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi, na mgeni hatakiwi kutoa chochote.

Ukifika mara ya kwanza, kaa tu. Watu husema jina la kwanza, kisha kila anayetaka huzungumzia maisha yake mwenyewe, na hakuna anayemkatiza wala kumpa mawaidha. Zamu ikikufikia, unaweza kusema ungependa kusikiliza leo. Vikao vya wazi hupokea yeyote, hata mke au kaka yako aliyekusindikiza. Vilivyofungwa ni vya wenye tatizo peke yao. Huenda ukakuta mtu wa mtaani kwenu. Yeye pia amekuja na siri yake, na kanuni ya kutunza siri inawabana nyote wawili. Nenda mara kadhaa kabla ya kuamua, na jaribu kundi zaidi ya moja, kwa sababu tabia zao hutofautiana sana.

Dada zangu, nawaombeni sana: nambari za simu chukueni kwa wanawake, na anayekusimamia katika Hatua Kumi na Mbili, mpango wa AA wa kuacha pombe, awe mwanamke. Mtu wa wiki ya kwanza ni dhaifu, na si kila mwanaume anayejitolea kukusindikiza ana nia njema. Uliza kama kuna kikao cha wanawake. Familia nayo ina vikao vyake, Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951, na jamaa anaweza kwenda hata kama mlevi wake amekataa katakata.

Hizo nambari za simu zina uzito kuliko kitabu chochote utakachopewa. AA yenyewe ilizaliwa kwa simu. Mwaka 1935 dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikuwa Akron, Ohio, biashara imemvunjikia, na kwenye hoteli yake kulikuwa na baa. Akapiga simu huku na kule akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith.

Nawe fanya vivyo hivyo. Kabla ya kutoka ukumbini, omba nambari za watu watatu na uwaulize nani hupokea usiku. Mpigie mmoja kesho yake ukiwa mzima, umsalimie tu, ili siku kiu itakapokubana uwe unampigia mtu unayemjua. Piga kabla ya glasi ya kwanza. Asipopokea, piga ya pili.