Kayaki isiyotikisika inaweza kukupindua

SWALI: Ninaishi Chamwino, nina uzito wa kilo 95, na ninatafuta kayaki, ule mtumbwi mdogo wa kasia, ya kuvulia perege na kambale katika bwawa la Hombolo mwishoni mwa juma, na mara mojamoja bwawa la Mtera. Ningependa niweze kuvua nikiwa nimesimama. Muuzaji ananihakikishia kwamba aliyonayo, yenye upana wa sentimita 71, haipinduki kwa sababu kitako chake ni bapa, na fundi mmoja amenishauri niweke mifuko ya mchanga ndani ili itulie zaidi. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Usifuate wa yeyote kati ya hao wawili. Neno “haipinduki” nimelisikia mara nyingi mno, na kila nilisikiapo huwa najua kwamba anayelitamka hajawahi kukaa ndani ya chombo hicho maji yakiwa yamechafuka.

Muuzaji anachanganya mambo mawili. Kuna utulivu unaousikia unapokaa tu, maji yakiwa shwari, chombo kikiwa hakitikisiki. Na kuna uwezo wa chombo kuendelea kukataa kulala kinapokuwa tayari kimeinama sana. Kitako bapa kinakupa ule wa kwanza kwa ukarimu, lakini mara nyingi hukunyima huu wa pili: kinatulia, kinatulia, kisha kikifika mwisho wake kinageuka kwa ghafla bila kukupa nafasi ya kujirekebisha. Tena chombo cha namna hiyo hung’ang’ania kulala sambamba na uso wa maji, kwa hiyo wimbi likija ubavuni, uso wa maji ukainama, nacho huinama pamoja nao. Hapo ndipo kayaki yenye tumbo lililojipinda kidogo inapoonyesha thamani yake, ingawa dukani ilionekana kuyumbayumba.

Upana nao una hesabu yake. Kwa vyombo vyenye urefu na umbo linalofanana, ukaidi wa kutoinama unaotokana na umbo hukua kwa upana mara upana mara upana, hivyo ukitoka sentimita 71 ukafika 85, unaongeza karibu asilimia 70. Kwa uzito wako, na kwa kuwa unataka kusimama, sentimita 71 ni za mtu anayekwenda kupiga kasia, si za mvuvi. Tafuta sentimita 85 hadi 90, urefu wa mita 3.3 hadi 3.7, ya kukalia juu yake badala ya ndani, yenye matundu ya kutolea maji sakafuni. Itakuwa nzito kuibeba na itakwenda polepole, nawe utalipia hasara hiyo kwa mikono yako kila upepo wa mchana utakapokukuta mbali na ufukwe.

Uzito unaotajwa na kiwanda kuwa ndio ukomo usiutumie wote. Ishia kwenye asilimia 70. Wewe na vifaa vyako mtafika kilo 115, kwa hiyo kayaki iwe na uwezo wa kilo 165 au zaidi.

Sasa huyo fundi wa mchanga. Ni kweli kwamba uzito uliowekwa chini hutuliza chombo, lakini mchanga ambao haukufungwa ukakaza hukimbilia upande ule ule chombo kinakoinamia, yaani unamsaidia adui. Aliyewahi kujitwika beseni la maji lililo nusu anafahamu ninachosema: ukiyumba kidogo, maji yote hukimbilia upande mmoja na kukuvuta shingo. Kilo 30 za mchanga pia hushusha kingo za chombo karibu na maji, na zinakula nafasi ya samaki wako. Maji yakiingia ndani, mchanga huo huo ndio utakaoharakisha kukipeleka chini.

Wapo na wanaofanya kinyume chake, wakachomelea fremu ya bomba na kuinua kiti ili mvuvi aone mbali. Nilimshuhudia mmoja Mtera, asubuhi, maji yakiwa yametulia kama kioo. Aligeuka tu kuchukua wavu wa mkono uliokuwa nyuma yake, akaenda na kayaki nzima. Koboya, yaani jaketi la kuelea majini, lilikuwa limefungwa vizuri chini ya kiti. Alinusurika kwa kushika kisiki cha mmojawapo wa ile miti iliyofunikwa na maji, na siku hiyo hakuwa mbali na viboko. Kiti kilichoinuliwa sentimita chache huondoa sehemu kubwa ya utulivu ulioulipia kwa upana, na hakuna fundi wa kuchomelea aliyewahi kunieleza kwamba alilipigia hesabu jambo hilo kabla ya kuwasha mashine.

Usikubali pia kutobolewa matundu mapya ya kufungia vishikio vya fimbo za ndoano mpaka uhakikishe yanazibwa yasivuje, kwa kuwa maji yanayojikusanya ndani ya tumbo la kayaki huyaoni, nayo hufanya kazi ile ile ya beseni.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu uipeleke majini, kina kikiwa cha kiunoni, ukiwa umevaa koboya na umepakia vifaa vyako vyote. Simama, geuka nyuma, inama upande mmoja kwa makusudi hadi ipinduke, kisha jaribu kuigeuza na kuipanda tena bila msaada. Akikataa kwa hofu kwamba itakwaruzika, rudi Chamwino na fedha zako.