SP au SN kwenye cheni ya taimingi: jibu langu kwa mwenye gari la tabo

Mkuu, umeuliza kama oili ya API SP (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani; SP na SN ni madaraja yake ya oili) inalinda cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki inayozungushwa na pistoni na kamshafti inayofungua valvu, kuliko SN au ni mbinu ya wauzaji kupandisha bei. Umesema pia fundi wako wa Tabata anakushauri uweke 20W-50 kwa sababu ni nzito. Nakujibu moja kwa moja: kwa gari lako, lenye tabo na nozeli zinazopuliza petroli ndani kabisa ya silinda, nunua SP, na ubaki kwenye uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Namba za 5W-30 au 20W-50 zinaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi na ikiwa moto. Kuhusu kulika kwa cheni hazikuambii kitu.

Cheni hairefuki kwa sababu chuma kimevutika. Kinacholika ni pini na bushi zake. Kila kiungo kinapata nafasi kidogo sana, ukijumlisha viungo vyote cheni nzima inalegea, kama ile ya baiskeli iliyotumika miaka mingi. Tenshena, yaani kifaa cha kukaza cheni, ambayo kwenye injini nyingi inasukumwa na presha ya oili hiyohiyo, inaendelea kusogea kuziba ulegevu mpaka inafika mwisho. Hapo kamshafti inaanza kupishana na krenki, gari linakosa nguvu, taa ya injini inawaka, na ukipima kwa mashine mara nyingi unakuta msimbo wa hitilafu P0016.

Mlaji mkubwa wa pini hizo ni masizi. Injini zenye nozeli za ndani ya silinda hutengeneza masizi mengi kuliko zile za kawaida, mfano injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Toyota IST nyingi hapa mjini. Masizi yanapenya kando ya ringi za pistoni, yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na sehemu kubwa ni chembe ndogo mno kwa filta kuzinasa. Zikifika kwenye pini zinasugua utando wa kinga ambao oili imeujenga juu ya chuma. Petroli isiyoungua na mvuke wa maji navyo vinashuka humohumo na kuidhoofisha oili.

Sasa njoo kwenye herufi. SN ilianza mwaka 2010 na haikuwa na jaribio lolote la cheni. Oili ingeweza kufaulu kila kipimo cha SN bila mtu kuangalia cheni imekuwaje. SP ilianza Mei 2020 pamoja na ILSAC GF-6 (kiwango cha oili cha watengenezaji magari; GF-5 kilitangulia), ikaleta jaribio linaloitwa Sequence X: injini ya Ford EcoBoost ya lita 2.0 inaendeshwa saa 216, ikibadilishwa kati ya hali ya ubaridi na ya joto ili masizi, petroli na maji vijae kwenye oili, kisha cheni inapimwa. Ikirefuka zaidi ya asilimia 0.085, oili imefeli. Kwa cheni ya mita moja hiyo haifiki hata milimita moja! Machi 2025 ikaja SQ pamoja na GF-7, na kikomo hicho kikabanwa zaidi. Ukiipata SQ halisi Kariakoo, chukua tu, inafaa pale SP inapofaa.

Kuna wanaosema humu kwamba siri ni zinki nyingi. Kwa oili za uzito kama 5W-30, kiwango cha fosforasi, ambayo huja pamoja na hiyo zinki, kilibaki palepale kutoka GF-5 hadi GF-6: asilimia 0.06 hadi 0.08. Kwa hiyo ulinzi wa cheni haukuja kwa kumwaga zinki zaidi. Cha muhimu sana ni kemikali za ndani ya oili zinazoyashika masizi yasigandane na yasikwaruze. Ndiyo maana kuongeza kichupa cha dawa juu ya oili nzuri sikushauri kabisa.

Mimi nilinunua gari la aina hiyo likiwa limetumika Japani, bila kumbukumbu zozote za oili. Asubuhi likiwashwa lilikwaruza sekunde chache kisha likatulia. Tulipofungua tukalaza cheni ya zamani sambamba na mpya, tofauti ilionekana kwa macho, na tenshena ilikuwa imetoka karibu yote. Tukabadilisha seti nzima: cheni, tenshena, gaidi (reli zinazoiongoza cheni) na gia zake. Tangu hapo namwaga oili mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu kilomita za Dar zinadanganya. Ukitoka Mbagala kwenda Posta, au ukikwama Ubungo na AC imewashwa, injini inazunguka saa nzima na dashibodi inahesabu kilomita chache. Masizi na petroli havisubiri kilomita. Kwa foleni hizi, mimi kwenye injini ya tabo sivuki 5,000.

Galoni nayo ikague. Alama ya API ni duara: juu kuna SP, katikati kuna uzito. API ina orodha ya wazi mtandaoni ya oili zenye leseni. Tafuta jina la oili humo kabla hujatoa hela, maana mtu yeyote mwenye printa anaweza kuchapa herufi mbili kwenye karatasi. Kizibo kikiwa kimechezewa, achana nayo hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Umetaja kwamba gari lako tayari linakwaruza asubuhi. SP haitarudisha pini zilizokwisha kulika. Kabla ya kununua oili, mwambie fundi alipime kwa mashine aone kamshafti na krenki zinapishana kiasi gani, na kama tenshena ya injini yako ina tundu la kukagulia, ahesabu meno yaliyotoka. Ukipata majibu yaweke hapa, pamoja na aina ya injini, tuangalie kama inabidi ufungue sasa.