Jibu: Mzee ana sonona, maamuzi yake yananitisha

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: baba ana miaka 74, anatibiwa sonona, kumbukumbu ziko vizuri, ila ghafla anagawa vitu vyake na kusema yeye ni mzigo. Unauliza kama ni uzee tu.

Usiuite uzee. Leo hii, mkiwa wawili, muulize waziwazi: "Baba, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Nauguza wazee, na wengi wakiulizwa hushusha pumzi. Akikubali, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Dawa zilizorundikana nyumbani atunze mtu mwingine.

Kuhusu ubongo: sehemu ya mbele, juu ya macho, hupima thamani ya kila njia iliyopo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walionyesha kuwa wazee wenye sonona waliowahi kujaribu kujiua walielekea kuamua kwa matokeo ya mara ya mwisho na kupuuza yaliyotangulia. Huenda ndiyo maana ukimkumbusha baba miaka yote mliyovuka pamoja, anakujibu kwa ugomvi wa jana. Si ukaidi huo.

Kwa hiyo usibishane naye. Mwombe aahirishe kuuza na kugawa mpaka tiba ishike. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa. Na daktari umfikishie neno "mzigo" kama baba alivyolitamka, maana wazee wengi wakifika pale hulalamikia mgongo na usingizi tu.