Betri ya kuwashia injini isipewe kazi nyingine

Usiifunge hiyo betri. Umeandika kwamba umepata betri moja kubwa ya gari, kwamba unataka iwashe injini ya boti na papo hapo iendeshe sona (chombo cha kutambua samaki na kina kwa mawimbi ya sauti), taa, redio na pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, usiku kucha, na umeuliza paneli ya sola ya ukubwa gani itatosha kuichaji. Mimi nilifanya hayo hayo, kwa betri ya aina hiyo hiyo, na nusura nipoteze boti pamoja na kijana niliyekuwa naye.

Tulitia nanga jioni, nje kidogo ya mwamba, tukawasha taa na sona. Pampu ilikuwa ikijiwasha yenyewe kila maji ya ngama yalipopanda, kwa sababu boti ilikuwa inavuja kidogo upande wa tezi, yaani nyuma. Ilipofika saa tisa usiku upepo uligeuka ukaanza kutusukuma kuelekea mwambani. Nilipiga stata nikasikia tk, tk, tk, skrini ya sona ikazimika, na taa zikafifia mpaka zikawa kama makaa yanayokufa. Redio nayo ilikuwa ikitegemea betri ile ile, kwa hiyo hata kuomba msaada hakukuwezekana. Niliposhika kamba ya nanga nilihisi viganjani mtetemo wa chuma kinachoburutwa juu ya mawe, huku kijana akichota maji kwa dumu lililokatwa, maji yakiwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu. Nanga ilinasa tukiwa tumebakiza kama urefu wa boti tatu. Kulipokucha wavuvi wenzetu walituvuta hadi pwani, nikaipima betri kwa mita, ikasoma volti 11.3.

Nilimrudia muuzaji. Alinitazama usoni akaniambia kwamba betri ni betri, kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbovu tu, akaniuzia nyingine ya aina ile ile, nayo ikafa kabla msimu haujaisha. Hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo, kwa sababu anayewauzia betri watu wanaokwenda baharini usiku ana wajibu wa kujua anachouza, na kama hajui, basi anyamaze.

Betri ya kuwashia injini ina sahani za madini ya risasi, nyembamba na nyingi, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe upya na altaneta, kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka. Ukiinyonya polepole usiku kucha, sahani hizo huharibika haraka. Betri ya kazi ndefu, ile ambayo mafundi huiita dipu saiko, ina sahani nene zinazostahimili kunyonywa na kujazwa mara nyingi, ingawa hata hiyo, ikiwa ni ya risasi na asidi, inadumu zaidi usipoishusha chini ya nusu. Iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.7, na ikifika 12.2 jua kwamba nusu imekwisha. Piga hesabu mwenyewe: sona ikila ampea 1 na taa ampea 2, kwa saa 10 umeshatumia ampea-saa 30 (ampea mara saa), na pampu bado hujaihesabu, ilhali nusu ya betri ya ampea-saa 70 ni 35 tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, funga betri mbili: ile ya injini iwashe injini tu, na ya matumizi, yaani dipu saiko, iendeshe vingine vyote. Usiniambie kwamba taa moja ndogo haitaidhuru, kwa maana mimi pia nilianza na taa moja. Vichwa hasi vya betri hizo viunganishwe pamoja, lakini vichwa chanya visikutane ila kupitia rilei, swichi inayojiendesha yenyewe, inayoziunganisha wakati altaneta inachaji na kuzitenganisha injini inapozimwa. Pampu ya ngama ipate waya wake kutoka betri ya matumizi, wenye fyuzi yake, bila kupitia swichi kuu, ili iendelee kufanya kazi hata umezima kila kitu. Fyuzi zikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 18 hivi, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinga kikigusana na kitu. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, kwani ile ya kawaida huota kutu ya kijani kwa chumvi mpaka ndani ya ganda lake.

Ukimaliza kufunga, usitoke siku hiyo hiyo. Acha taa, sona na redio viwake usiku kucha boti ikiwa imefungwa gatini, na asubuhi, kabla hujazima chochote, pima betri zote mbili kisha upige stata. Injini isipowaka mara ya kwanza, usifungue kamba.