Karamu Iliyonifundisha Adabu ya Wanuer

Juma lililopita niliandikiwa na mwalimu kijana aliyepangiwa kufundisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, akitaka kujua afanye nini ili akubalike kwa wanafunzi wa Kinuer, kabila la wafugaji wa ng'ombe kutoka Sudan Kusini. Nilikaa siku mbili bila kumjibu, kwa kuwa swali lake liligusa donda ambalo halijapona.

Nilifika Kakuma baada ya vita vilivyozuka Sudan Kusini mnamo Desemba 2013. Mwisho wa muhula wangu wa kwanza niliandaa karamu kwa mshahara wangu mwenyewe, pilau na soda, nikawaketisha wavulana na wasichana meza moja. Vijana wa Kinuer, wenye mistari sita ya makovu iliyokatiza paji la uso, waliinamisha macho na hawakugusa chochote, hata nzi wakatua juu ya nyama. Niliwakemea mbele ya wote kwamba hawana shukrani, nao wakanyamaza.

Jioni mzee mmoja wa Kinuer alinieleza, bila kunilaumu, kwamba kijana aliyekwisha kuchanjwa chale hizo, ziitwazo gaar, huona haya kula mbele ya wasichana wasio ndugu zake, kwa sababu miongoni mwao yumo anayeweza kuwa mkewe. Kujizuia huko huitwa thek, yaani heshima. Nilikuwa nimeheshimiwa pamoja na wasichana wangu, nami nikalipa kwa matusi.

Tangu hapo nilijifunza kuuliza kabla ya kukasirika, na huo ndio ushauri wangu kwako, mwalimu mwenzangu: uliza kwanza. Ukiuliza utaambiwa kwamba kijana akishapata gaar haketi tena kukamua ng'ombe, kwani kazi hiyo ni ya wanawake na watoto. Kwamba hupewa maksai na kuitwa kwa jina linalotokana na rangi ya maksai huyo. Na kwamba ng'ombe wa mahari hutolewa kwa awamu na kugawanywa kwa ndugu wa baba na wa mama wa bibi harusi, ambaye kwa desturi hubaki kwao hadi apate mtoto wa kwanza. Wanafunzi wangu hawakuwa na ng'ombe hata mmoja kambini, lakini pembezoni mwa madaftari yao walichora maksai, pembe moja ikiwa imepindwa mbele ya uso, na wakicheza ngoma waliinua mikono kuiga pembe hizo. Basi usimhesabu mtu kuwa maskini wala mjeuri kabla hujamwuliza.

Muhula uliofuata niliwaandalia wavulana chakula nyuma ya darasa, na sahani zilirudi tupu. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, isipokuwa yule niliyemkemea kwa ukali zaidi, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwao Nasir, Sudan Kusini.