Siagi ya Shea ya Kupiga Nyumbani: Majibu kwa Wasomaji

Barua kadhaa zilizofika katika safu hii zinahusu siagi ya shea, yaani mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa za mti wa shea, ambayo huyeyushwa, hupozwa, kisha hupigwa mpaka ivimbe na kupakika kwa urahisi mwilini na kwenye nywele. Nimezichagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Karibu matatizo yote yaliyoelezwa yana asili moja, nayo ni kusahau kwamba kilichomo koponi ni mafuta na hewa peke yake, bila tone la maji, na kwa hiyo tabia zake ni tabia za mafuta: huyeyuka kwa joto, huganda kwa baridi, na huharibika yakiingiwa na maji.

Swali: Mama, pole na kazi. Nilipiga siagi ya shea pamoja na mafuta ya nazi, ikatoka nyeupe na laini. Baada ya siku chache nimekuta imeshuka hadi nusu ya kopo na imejaa chengachenga zinazokwaruza mkononi. Je, imeharibika? – Msomaji, Tanga

Jibu: Asante, nimeshapoa. Haijaharibika, na unaweza kuirudishia ulaini wake. Siagi ya shea imeundwa kwa sehemu kubwa na asidi mbili za mafuta: ya steariki, ambayo ni ngumu katika joto la kawaida, na ya oleiki, ambayo haigandi. Mchanganyiko ukipoa polepole, sehemu iliyo ngumu hutangulia kuganda, na punje zake hupata muda wa kukua mpaka zikahisiwa na vidole. Kwa joto la Tanga, kopo lako liliyeyuka mchana na hewa uliyoipiga ikatoka, ndiyo maana kiasi kikashuka. Usiku ikaanza kuganda taratibu, na hapo ndipo chengachenga zilipojitengeneza. Ukiipaka hivyo hivyo zitayeyuka kwa joto la mwili, wala hazidhuru ngozi.

Kwa anayeishi pwani napendekeza gramu 200 za siagi ya shea, gramu 40 za mafuta yasiyoganda, kama vile ya ufuta, ya alizeti au ya nyonyo, na gramu 10 za nta ya nyuki. Tumia mizani ya jikoni badala ya vijiko, kwa sababu siagi haijazi kijiko sawasawa kila mara. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Tanga, Mombasa au Unguja ni lazima yahesabiwe miongoni mwa mafuta yasiyoganda karibu mwaka mzima. Anayeyaongeza akitumaini kwamba yataishikiza siagi huilegeza zaidi. Kinachoishikiza ni nta, ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 62 au zaidi, na nta nzuri hupatikana kwa wafugaji wa nyuki wa Tabora.

Yeyusha nta kwanza katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji ya moto, kisha uongeze siagi na mafuta, ukihakikisha kwamba mvuke haudondoki ndani ya bakuli. Usiweke siagi moja kwa moja juu ya moto wa gesi au mkaa. Yote yakishayeyuka, epua mara moja na uipoze kwa haraka, kwa kuwa haraka hiyo ndiyo inayozuia punje kukua. Mwenye friji aiweke humo, akiikoroga kila baada ya dakika kumi. Asiye na friji akalishe bakuli ndani ya beseni la maji yenye barafu na kuendelea kukoroga. Ikigeuka rangi na kuwa nzito kama uji wa ulezi, ipige kwa mashine ya kupigia mayai kwa dakika tano hadi kumi, uipumzishe tena kwenye baridi kwa muda mfupi, kisha uipige mara ya pili. Huo mpigo wa pili watu wengi huuruka, na kwa maoni yangu ndio unaotofautisha siagi inayokaa na ile inayoshuka upesi. Siagi uliyonayo sasa iyeyushe upya, uipime, uiongezee nta, na ufuate njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, sitakuahidi kwamba siagi iliyopigwa itabaki imevimba mezani wakati wa joto la Januari na Februari. Tengeneza kidogo kidogo, uiweke mahali penye kivuli, mbali na dirisha na jiko.

Swali: Habari za leo? Dukani kuna siagi ya shea ya Ghana na nyingine ya Uganda. Ya Uganda ni laini zaidi na bei yake ni kubwa. Muuzaji anasema ya manjano ndiyo yenye nguvu. Nichukue ipi? – Msomaji, Iringa

Jibu: Ni nzuri, ndugu yangu. Zote mbili hutoka kwenye mti wa jamii moja, lakini zina tofauti ya kweli. Mti wa Afrika Magharibi, unaoota katika nchi kama Ghana, Burkina Faso, Mali na Nigeria, hutoa siagi ngumu yenye steariki nyingi. Ule wa upande wetu, ambao wataalamu huuita nilotika, huota kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na siagi yake ina oleiki nyingi zaidi, ndiyo sababu huwa laini na huyeyuka mapema. Katika maeneo ya Acholi na Lango mafuta hayo ni chakula cha nyumbani kabla ya kuwa kipodozi. Kwa baridi ya Iringa, Njombe au Limuru ningechagua ya Uganda, kwa sababu hupigika vizuri bila nta na bila mafuta mengi ya kuilainisha. Kwa mtu wa pwani ningechagua ya Ghana.

Kuhusu rangi, muuzaji amekupotosha. Siagi isiyosafishwa kiwandani huwa na rangi ya maziwa au ya manjano hafifu, na ile ya manjano iliyokolea mara nyingi imetiwa rangi ya mizizi. Tumia pua yako zaidi kuliko macho. Harufu ya karanga zilizokaangwa yenye moshi kidogo ni ya kawaida, kwa kuwa kokwa hukaangwa kabla ya kusagwa au kutwangwa. Harufu kali ya mafuta yaliyochacha ni dalili ya siagi ya zamani au kokwa zilizohifadhiwa vibaya, na kuipiga hakutaiondoa.

Mwulize pia muuzaji siagi yake inatoka kwa nani. Mti wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa sawasawa, na kwa miaka mingi umekuwa ukikatwa kaskazini mwa Uganda kwa ajili ya mkaa, kiasi kwamba mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa katika eneo hilo. Wanaookota kokwa na kukamua mafuta ni wanawake, na bei unayoilalamikia, ikiwa kweli inawafikia, ni sababu mojawapo ya mti kuachwa umesimama.

Swali: Ninataka kuchanganya siagi yangu na utomvu wa mshubiri uliochumwa bustanini na marashi ya waridi, kisha niongeze vitamini E ili isiharibike. Ni sawa? – Msomaji, Nairobi

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo, dada. Mshubiri na marashi ya waridi ni maji, na maji yakishaingia kwenye mafuta bakteria na ukungu hupata mahali pa kuishi, tena mara nyingi kabla jicho halijaona doa lolote. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, na kwa kazi hiyo inafaa, hasa ukitumia mafuta ya alizeti ambayo huchacha mapema. Lakini haiui vijidudu. Krimu za viwandani zenye maji huwekewa kihifadhi kilichopimwa pamoja na kiungo cha kuunganisha maji na mafuta, kazi ambayo haifanyiki kwa kukadiria.

Unaweza kuvipata vyote viwili bila kuvichanganya koponi. Paka mshubiri au nyunyiza marashi kwenye ngozi kwanza, kisha upake siagi juu yake ingali na unyevu. Chota siagi kwa kijiko kikavu, wala usifungue kopo bafuni ukiwa na mikono yenye maji. Ukitaka harufu, mafuta ya manukato yasizidi gramu moja kwa kila gramu 100 za siagi, na ya karafuu yawe chini ya nusu ya hapo, kwa kuwa huwasha ngozi. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda yaache kabisa, maana ngozi iliyopakwa mafuta hayo inaweza kuungua ikipigwa na jua.

Swali: Mwanangu ana miezi saba na ana mabaka makavu mashavuni na kwenye viwiko. Daktari amesema ni pumu ya ngozi na amempa dawa ya kupaka. Jirani ananishauri niache dawa nitumie shea. – Mama, Mwanza

Jibu: Pole kwa kuuguza, mama. Usiache dawa. Siagi ya shea hufunika ngozi na kupunguza upotevu wa maji, jambo ambalo husaidia ngozi kavu, lakini haitibu pumu ya ngozi. Mwulize daktari kama unaweza kuitumia pamoja na dawa. Akikubali, tumia siagi tupu isiyo na manukato wala rangi, ujaribu sehemu ndogo ya ndani ya mkono na usubiri siku nzima. Kama hakuna wekundu, mpake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya zeituni usimpake, kwa sababu yanaweza kudhoofisha ngozi ya aina hiyo. Ukiona majimaji, usaha au ukoko wa manjano, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa nyumbani kuna mwenye mzio wa karanga au korosho, mweleze daktari, kwani shea pia ni kokwa.

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi, nina nywele za asili. Ninapaka shea kila siku mpaka kwenye ngozi ya kichwa, lakini nywele bado ni kavu na mba imezidi. – Msomaji, Dodoma

Jibu: Marahaba, mwanangu. Unapaka siagi juu ya nywele kavu, kwa hiyo unafungia ukavu ndani, na hewa ya Dodoma haikusaidii. Nywele hupata unyevu kutoka kwenye maji. Zinyunyizie maji mpaka zilainike, zigawe mafungu, kisha kila fungu lipakwe siagi kidogo sana, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, ambako nywele ni kuukuu na hukatika kwa urahisi, na umalizie kwa kusuka mabutu makubwa. Mara mbili kwa wiki zinatosha.

Ngozi ya kichwa iache bila mafuta kwa sasa. Kuvu wanaohusika na mba hula mafuta, na kila unapoongeza siagi unawalisha. Osha kwa shampuu ya mba yenye ketokonazoli, uiache kichwani dakika tano kabla ya kusuuza, na mba ikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja umwone daktari wa ngozi. Shea haioteshi nywele; inazipunguzia kukatika, na hivyo urefu ulioota unabaki.

Swali: Mdogo wangu ana ualbino. Nimesikia shea inazuia jua. Naweza kumtengenezea ili tuache kununua losheni? – Msomaji, Shinyanga

Jibu: Hapana, kaka, na nakuomba uwaambie na wengine waliokueleza hivyo. Kinga ya jua iliyomo kwenye shea ni ndogo mno, na kwa mwenye ualbino kuitegemea kunaweza kuishia kwenye saratani ya ngozi. Mdogo wako anahitaji losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, ipakwe upya kila baada ya saa mbili akiwa nje, pamoja na kofia pana, shati la mikono mirefu na uchunguzi wa ngozi kliniki. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kitengo kinachotengeneza losheni kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizeni katika hospitali ya mkoa wenu au chama cha watu wenye ualbino jinsi ya kuipata. Siagi mtengenezee ya kupaka usiku, baada ya kuoga.